Ogle Abdinoor, Mtia Rangi wa Duka la Bare

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, Mzee Ogle Abdinoor anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na minne. Wengi wetu ofisini tunamwita adeer, yaani baba mdogo. Wachache aliowarudishia kazi mara tatu kwa siku moja wamewahi kumwita majina mengine, lakini hayo hayatasomwa leo mbele ya familia yake.

Alipoajiriwa hapakuwa na kituo cha runinga. Palikuwa na studio ya picha ya chumba kimoja karibu na Soko Mugdi, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyaona kwa macho yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia rangi kwa brashi picha za zamani za nyeusi na nyeupe. Watu walimletea picha za wazazi wao waliokwisha kufariki, naye alikuwa na desturi iliyomkasirisha mwenye studio: hakushika brashi kabla ya kuuliza. Koti la marehemu lilikuwa la rangi gani? Ndevu alizitia hina au hakuzitia? Mteja akisema hajui, Ogle alimrudisha nyumbani akamuulize shangazi yake.

Studio ikaanza kupiga video za harusi, kisha ikakua ikawa kituo hiki. Ogle alipita karibu kila idara. Aliwahi hata kusoma taarifa ya habari kwa siku mbili, na sote tulishukuru aliporudi nyuma ya kamera. Halafu kituo kikapata filamu za kale, naye akairudia kazi iliyomleta mjini.

Filamu hizo ni za Duka la Bare, mchezo wa kuchekesha uliopigwa hapa Garissa katikati ya miaka ya sabini. Wapiga picha walitoka Nairobi na kamera za nyeusi na nyeupe, wakachukua waigizaji papa hapa mjini, wakapiga vipindi vyao, wakaondoka. Wakati huo runinga haikuwa imefika huku, kwa hivyo walioigiza hawakujiona hata siku moja. Filamu zililala ghalani mpaka meneja wetu, Bi Sharifo, alipozisikia na kuzifuata.

Siku hizi kompyuta hukisia rangi, kisha binadamu husahihisha. Kompyuta yetu, ambayo nadhani haijawahi kuvuka daraja la Tana kuja huku kwetu, ilikisia vibaya sana. Ilijaza majani mabichi kwenye mchanga. Iliwapaka ngamia kahawia iliyokolea. Ndevu za wazee zilizotiwa hina ikazifanya nyeusi ti, baraza zima la wazee likageuka kikao cha vijana. Kipindi cha kwanza kilipoonyeshwa, simu zililia hadi wakati wa Isha. Bwana mmoja wa Hadado alianza hata bila salamu: "Hiyo ngamia mmetoa wapi? Ya kwetu ni nyeupe, nyinyi mmechoma." Mwingine, wa Takaba, alitaka kujua ni nani aliyeiondoa hina ya mjomba wake. Ogle alizipokea simu zote mwenyewe, akaomba radhi, na kesho yake alikwenda soko la mifugo akashinda na ngamia. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alipenda kutazama mara ya pili.

Tangu hapo alikuwa na sheria moja, nasi tuliichoka: kitu hakibadiliki rangi ndani ya kipindi kimoja. Mtu akiingia na chupa nyekundu ya chai, sharti atoke na nyekundu. Ilhan, ambaye sasa anakirithi kiti chake, aliwahi kurudia kazi ya wiki nzima kwa sababu ya kifungo cha shati. Alilia kidogo. Ogle alimletea chai ya maziwa ya ngamia, akampa pole kwa moyo wote, kisha akamrudishia kazi.

Ndiyo maana kisa cha mtandio lazima kisimuliwe vizuri.

Katika kipindi cha mwisho, mke wa Bare amejitanda garbasaar, ule mtandio mpana wa akina mama. Aliyemwigiza ni Bi Sirad, ambaye leo ni nyanya huko Bulla Iftin. Ogle alipokwenda kumuuliza, kama kawaida yake, Bi Sirad alisema mtandio ulikuwa wa kijani na ulikuwa mali yake. Jirani yake, Bi Saynab, akasema ulikuwa mwekundu, zawadi ya marehemu mama yake, na kwamba Sirad aliuazima siku ya kupiga filamu na haukurudi tena. Hao walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Kwa sababu ya mtandio huo hawakupikika tena chungu kimoja, na ingawa nyumba zao zimetenganishwa na ukuta tu, kwa karibu miaka hamsini walisalimiana mazishini pekee.

Sasa, katika filamu ya nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kile kile. Jibu halikuwa kwenye filamu. Ogle akitia nyekundu, mji mzima utaona kwamba Sirad alichukua cha mwenzake. Akitia kijani, Saynab amesema uongo maisha yake yote. Watoto wa pande zote mbili wakaanza kupiga simu. Bi Sharifo, akitaka kukata mzizi wa fitina, alipendekeza bluu. Ogle alimjibu kwa upole kwamba bluu itawafanya wote wawili waongo. Kipindi kikaahirishwa, kikaahirishwa tena, na siku yake ya kuondoka ikazidi kukaribia. Iliniuma kumwona akikosa raha. Alisema wazi kwamba hataki kuondoka kazi ikiwa imelala, na zaidi ya hilo, hataki kuwa yeye wa kumuaibisha mama wa mtu uzeeni.

Mwezi wa Juni aliwaalika wote wawili, siku moja, bila kuficha. Nadhani kila mmoja alikuja kwa kuhofia kwamba mwenzake atatoa ushahidi peke yake. Walikaa wakaacha kiti kitupu katikati. Ogle akawasha filamu bila rangi.

Hakuna kati yao aliyewahi kuiona. Kwenye kioo, Sirad ni msichana wa miaka kama ishirini, amesimama nyuma ya magunia ya sukari, na mteja aliye mbele yake ni Saynab mwenyewe, aliyepewa maneno matatu tu ya kusema. Anayasahau. Sirad anajaribu kujizuia, anashindwa, anavuta upindo wa mtandio na kuufunika juu ya vichwa vyao vyote viwili ili kamera isiwaone wakicheka. Mtandio unatikisika kwa muda. Mpiga picha, Mungu ambariki, hakuzima.

Kisha Bi Saynab akasema, macho yakiwa bado kwenye kioo: "Wallahi ni ya kijani. Ni yake huyu." Bi Sirad akamgeukia: "Abaayo, dada yangu, wacha. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa yako." Basi ugomvi ukaanza upya, safari hii bibi hawa wawili wakisukumiana ule mtandio, na Ogle aliyekuwa akitafuta shahidi wa kweli akajikuta hana hata mmoja. Wakaomba waione tena. Nilipowapelekea chai, kile kiti cha katikati kilikuwa kimeondolewa.

Kipindi kilionyeshwa Ijumaa iliyopita. Mlioangalia mliona wenyewe: mtandio unapanda juu ya vichwa vya wale wasichana ukiwa wa kijani, na unaposhuka ni mwekundu. Ilhan aliliona kosa hilo kabla ya kipindi kwenda hewani, akakimbilia kulirekebisha. Ogle akamwambia aliache. Akachukua bakora yake, akaenda kuswali. Jioni hiyo tulikaa karibu na simu tukingoja. Haikulia, hata kutoka Hadado.

Adeer Ogle, tunakushukuru kwa macho yako na kwa ukaidi wako. Unarudi kwa ngamia wako, na hao hakuna kompyuta itakayowachoma. Mungu akupe afya na watu wa kunywa nao chai, na siku zako zote ziwe njema. Ilhan ameahidi kusahihisha kila kifungo. Ule mtandio hatutaugusa.

Ikran Yahye
Chumba cha Uhariri