Dada Severa na Gego la Miaka Sita

Ndugu waombolezaji, wakubwa kwa wadogo, mimi ni Ignasi, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasimulie maisha ya dada yetu Severa kabla hatujampeleka makaburini Kinondoni, nami nitajitahidi nifike mwisho sauti ikiwepo.

Severa alizaliwa Kibosho tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa mzee Leodegar na mama Euphrasia, akasoma shule ya misheni hukohuko, mwaka 1950 akateremka Dar es Salaam kujifunza uuguzi, baadaye akafundishwa kutibu meno, kazi aliyoifanya katika zahanati ya jirani na soko la Kariakoo tangu 1958.

Hapo ndipo alipofika shemeji yetu Melkiori, muuza vitunguu wa jumla, shavu limevimba, huku akijisifu kwamba meno yake ya mbele ni meupe pe, Severa akamwambia, "Ya mbele yanapanguswa na ulimi na mate kutwa, baba, hata mvivu anayo, hebu fungua nione ya nyuma," wakafunga ndoa tarehe 6 Januari 1962, wakajaliwa binti mmoja, Hyasinta, huyu aliyekaa hapa mbele.

Wengi mnakumbuka mwaka 1971, jirani yetu Shaibu, muuza nyama wa Mtaa wa Sikukuu, alipomleta binti yake Mwanaidi, mwenye miaka saba, akataka gego linalomuuma ling'olewe akidhani ni la utoto, Severa akakataa, akamweleza kwamba gego lile huchomoza nyuma ya meno ya utoto mtoto akifika miaka sita, wala halisukumi jino lolote litoke, ndiyo maana wazazi hukosea, tena juu yake lina vifereji vyembamba ambamo mswaki hauingii, chakula kitamu kikinasa humo huoza upesi, wakati ubavu wake laini ungali mzima.

Shaibu akachukia, "Severa, mtoto ni wangu, jino ni lake, wewe unabishania nini?" akamvuta binti hadi kwa mng'oaji wa mtaani kule Gerezani, dada akawafuata kwa miguu na koti lake jeupe, akamkuta Mwanaidi ameshakalishwa kigodani, akapiga magoti mbele ya mtoto, si mbele ya baba, akasema, "Mwanangu, hili likitoka halirudi, niachie nilizibe, tundu bado halijafika kwenye mshipa," Mwanaidi akateremka akamshika mkono, Shaibu akasema, "Haya, twendeni."

Jino lile Mwanaidi analitafunia hadi leo, na Shaibu ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mikutano ya nyumba kumi kuwaambia wazazi, "Wafunueni watoto midomo mpaka nyuma kabisa, dada Severa kasema."

Moyo ulianza kumsumbua dada mwaka jana, akalazwa, na hata wodini aliomba halua, maana aliipenda kuliko sisi sote, akila kwa furaha na kusukutua maji mara moja, mpaka tarehe 9 Septemba 1979, alfajiri, alipotutoka akiwa na Melkiori pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zahanati, majirani Waislamu kwa Wakristo mliopika na kukesha nasi, Mungu awalipe.

Dada, kila nilipokuja kwako ulinijibu kabla sijamaliza kukuamkia. Shikamoo, dada. Ulale kwa amani ya Bwana.