Pumzi za Mwanangu Kimaka

Kina mama wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi katika mkutano huu. Mimi si msemaji, mnivumilie.

Kwetu ni Nakaloke. Niliolewa na mwanajeshi, akanileta huku Kimaka, kambini. Hata mizigo hatujamaliza kufungua, akatumwa Somalia. Nikabaki na binti yetu, bado ananyonya. Kisoga, lugha ya huku, sikijui. Nilikuwa nafunga mlango, naongea na mtoto Kigisu chetu, basi tu nisikie sauti ya mtu. Ndugu zangu, nawaambia, upweke ule hata redio haiuondoi.

Mtoto akaanza kukohoa. Nikadhani ni mafua, nikamfunika vizuri. Kisha joto likapanda, akakataa ziwa. Simu ya mume haipatikani, mama yangu yuko mbali. Ningemuuliza nani?

Asubuhi naanika nguo, mtoto mgongoni, jirani akanisimamisha. Ni mke wa afande mmoja, mwanamke wa Kiacholi kutoka kaskazini. Hatukuwahi kupita salamu.

"Mama, huyu mtoto anapumua namna gani?"

"Kikohozi tu."

"Hapana. Mfungue."

Tukainua kigauni. Pumzi zinakwenda mbio, na kila akivuta, chini ya mbavu panabonyea ndani.

"Hii ni nimonia," akasema. "Wa kwangu alipumua hivi, tukangoja. Hatunaye tena. Twende sasa."

Hospitalini wakamwekea oksijeni puani, wakamchoma sindano za antibiotiki. Wenzangu wodini waliletewa chai na dada zao, na mashemeji. Nesi akauliza, "Wewe nani anakusaidia?"

"Mimi," sauti ikajibu mlangoni. Jirani yangu, na chupa ya uji.

Hapo ndipo nilipolia, wala si kwa ajili ya ugonjwa.

Mtoto alinyonya tena. Tukarudi na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Niliambiwa nivimalize hata akichangamka, nikavimaliza.

Nawashukuru wauguzi wale, na ninyi mlionipokea hapa. Mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea, au akikataa kunyonya, usimngoje mume wala jioni. Mpeleke. Na ukiona mama mgeni amejifungia, gonga.

Jirani yangu hayupo leo. Mume wake alihamishwa, wakaondoka nikiwa sokoni, na namba yake haipiti. Sijui sasa anakaa karibu na nani. Namwomba Mungu, huyo mtu awe anamgongea mlango.