Sista Hesabu Aaga Chumba cha Upasuaji, Akimbilia Uwanja wa Magari

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Sista Hesabu anavua kofia ya kijani baada ya miaka thelathini na miwili katika chumba chetu cha upasuaji. Anayeandika ni mtu wa dawa za usingizi. Nikiwalaza na ninyi wasomaji, mnisamehe, ni mazoea ya kazi.

Jina hilo la utani alilipata kihalali. Kabla mgonjwa hajashonwa, Sista huhesabu mikasi, koleo na kila kipande cha shashi. Kikipungua kimoja, hakuna kushona. Siku moja tulisimama mikono juu kama mateka mpaka shashi ikaonekana, imenata chini ya kiatu changu.

Mtu wa namna hiyo akistaafu, unatarajia afuge kuku. Yeye, mwaka jana wakati wa chai, alitutangazia kwamba anaanza mashindano ya magari. Mama wa jikoni alimwaga birika. Mimi niliuliza kama ataenda kuuza tiketi.

Hakuwa na mzaha. Aliingia darasa la wanaoanza, akapimwa moyo na macho, akauzunguka uwanja kwa miguu akizisoma kona. Ndani ya gari lake kuukuu kukafungwa kizimba cha vyuma, lisimponde likipinduka, mkanda wa kubana mabega na kiuno, na kizima moto karibu na mkono. Mumewe, mwalimu mstaafu, alikosa usingizi wiki nzima, kisha akatoa sharti: siku atakayoona uzembe wowote, gari linauzwa, na mjadala umekwisha.

Siku ya mashindano yake ya kwanza tulijaa jukwaani na bango letu. Magari yananguruma mstarini, Sista kashuka kwenye lake, anahesabu spana. Imepungua moja. Shemeji yake, ambaye ndiye fundi wa gari, alimsihi aende tu, spana itajitokeza yenyewe. Sisi nasi tukapiga kelele apande. Bendera ikashuka, wenzake wakaondoka, yeye kapiga magoti mlangoni anapapasa sakafu. Tulinuna kama watoto walionyimwa safari.

Spana ilikuwa imelala nyuma ya pedeli ya breki. Shemeji aliisahau pale alipokuwa akikaza kiti. Kwenye kona ya kwanza tu ingekwama chini ya pedeli, na breki zisingekanyagika.

Shemeji alikaa chini kwenye vumbi. Kisha wote tukamgeukia mwalimu, maana uzembe aliousema ndio huo, uko mkononi mwa mkewe. Aliichukua spana, akaigeuzageuza.

“Mwingine angeondoka nayo,” alisema. “Haya, mama, panda.”

Sista aliingia mchuano wa pili, akashika mkia. Wa mwisho kabisa, jamani, na tulimshangilia mpaka sauti zikatukauka. Mwalimu ndiye aliyetushinda wote kwa kelele.

Sista, asante kwa kila mgonjwa aliyerudi kwake bila kubeba mali ya hospitali tumboni. Tunakuombea afya, njia nyeupe, na breki zinazoshika.