Msimu wa Kiswahili Kitupu Nyumbani Kwangu

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya. Mwenyekiti ameniambia niwe mfupi, na ninyi mnanijua, kwa hiyo tuombeane.

Binti yangu mnamwona hapa kila wiki, anaimba hata pasipoimbwa. Lakini wengi wenu hamkumjua alipokuwa mdogo. Alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, akachelewa kukaa, akachelewa kutembea. Alipofika miaka mitano alikuwa na maneno kama kumi, yote ya Kimatengo, lugha yetu ya nyumbani, na mengi aliyapata kwa bibi yake, yaani mama mkwe wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, siku zile nazitamani mpaka leo. Msimu wa kahawa walikuwa wanashinda wawili kwenye kichanja cha kuanikia, bibi anachambua, mtoto anapokea punje mbovu na kuzitupa kwenye kikapu. Bibi anasimulia, mtoto anadakia neno moja, wanacheka. Mimi niko jikoni nawasikiliza, ugali unaungua. Sikujua kwamba ile ilikuwa shule tayari.

Mimi nikawa na haraka. Mwaka uliofuata alitakiwa kuanza darasa la awali, na nilikuwa na hofu moja tu: mwalimu atamwuliza kitu kwa Kiswahili, atakaa kimya, tutaambiwa tumrudishe nyumbani, na akirudi ndiyo basi tena. Nikatangaza: kuanzia leo, nyumba hii ni Kiswahili kitupu. Kimatengo mwiko. Mume wangu akaguna tu. Si mnajua nikishaamua.

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha kanisani na sokoni. Kwa mjukuu wake akabaki na maneno matatu: kaa, kula, njoo. Akiteleza namsahihisha, tena mbele ya mtoto. Mkamwana kumsahihisha mama mkwe, jamani, mimi nililelewa na nani? Ndani ya miezi miwili kichanjani pakawa kimya. Yale maneno kumi mtoto akayaacha, na la Kiswahili hakupata hata moja. Akaanza tena kujikojolea. Nikasema, basi, akili yake imefika mwisho. Nililia sana, lakini sikubadilika.

Mwezi wa tisa nikaenda kumwomba mwalimu wa awali aje amwone. Alikuwa mgeni, amepangiwa huku kutoka mbali, hata baridi yetu ilikuwa inamtesa. Akaja, akamwonyesha mtoto picha, akamwuliza hili na lile. Kimya. Nikajua imekwisha. Nikaingia kuchemsha chai, mtoto akatoroka kwenda kwa bibi yake. Mara mwalimu akaja jikoni, akanishika mkono.

"Mama, hebu njoo usikilize."

Nyuma ya nyumba, mama mkwe alidhani tuko mbali. Alikuwa ananong'ona Kimatengo, na binti yangu anamjibu. Anajibu, ndugu zangu. Nzuri, mbovu, nzuri, mbovu, punje kwa punje, wala hakosei.

"Huyu anaongea, mama," mwalimu akasema. "Mimi ndiye sijui lugha yake."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe. "Shikamoo, mama. Nimekukosea." Akanitazama, halafu akanijibu makusudi kwa Kiswahili: "Njoo. Kaa." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mwalimu akatoa daftari, akaandika kutoka kwa bibi maneno machache ya Kimatengo: maji, haja, inauma, inatosha, mama anakuja. Shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili, tukawa tunampeleka mara mbili kwa wiki, darasa tupu. Anakaa kwenye dawati, anafungua na kufunga mlango wa choo, mwalimu anagonga kengele ili aizoee; siku ya kwanza ilimfanya ajifiche ndani ya khanga yangu. Kiswahili akakipata humo humo, taratibu, juu ya kile cha nyumbani.

Januari, siku ya kwanza, alilia nilipogeuka kuondoka. Mwalimu akamwambia kwa Kimatengo chake kibovu kwamba mama anakuja. Darasa zima likacheka. Na binti yangu akacheka, akakaa. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa darasa mpaka mvua ikanilowesha.

Leo yuko darasa la tatu. Hesabu anasuasua. Kusoma anasoma, polepole, lakini anasoma. Namshukuru mwalimu yule, ambaye alishahamishwa. Namshukuru mama mkwe, ametangulia mbele ya haki, na inaniuma kwamba hakumsikia mjukuu wake akisoma.

Ninachowaachia ni hiki. Ukimshonea mtoto sare, usimvue kwanza nguo aliyonayo.

Na kuna mwenzetu humu, simtaji, ana mtoto kama wangu ndani ambaye hatujamwona tangu abatizwe. Mpendwa, sikuhukumu, mimi nilikosea kwa kujidai najua. Kesho mchana nitapita kwako na binti yangu. Usihangaike na chai. Mfungulie tu mtoto wako mlango.