Koo Lililojifunza Kutulia

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii. Naitwa Atupele wa Kisondela, mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya yetu. Nasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonirudishia sauti yangu.

Yalianza na mafua ya msimu wa baridi. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki mwaka mzima. Nilikohoa nikichuma chai, nikicheka, nikipishana na mtu aliyejipulizia manukato. Ukungu wa asubuhi ukinigusa tu, nilijikunja. Nilipimwa makohozi zaidi ya mara moja, nikapigwa picha ya kifua. Hakuna kifua kikuu, hakuna pumu. Lakini watu, ndugu zangu, hawasomi majibu yako. Wanasikia kikohozi chako.

Ambokile wa besi alinitania: "Dada Atu, siku usipokohoa tutapoteza mapigo." Nilicheka, na kicheko chenyewe kikanikohoza. Mwenyekiti wetu, Mama Tumaini, hakucheka. Aliniita pembeni.

"Mwanangu, kaa kwanza nyuma. Nyimbo ataanzisha mwingine."

Nililia. Tangu utoto, kuimba ndiko kulikokuwa kusali kwangu.

Sasa sikieni kosa langu. Wanakwaya mnajua desturi yetu: kabla ya kuimba tunakwenda nyuma ya kanisa, tunatafuna tangawizi mbichi na kukohoa kwa nguvu, tunaita kufagia koo. Mimi nilifagia kuliko wote, asubuhi na mchana. Niliamini kuna kitu kimekwama, na nikikohoa vya kutosha kitatoka. Hakikutoka, kwa sababu hakikuwapo.

Mungu alimtumia tabibu kijana, mgeni kutoka Tanga, aliyehamishiwa Tukuyu. Alisoma vipimo vyangu vyote, kisha akauliza, "Dada, ukikohoa huwa kinatoka nini?"

"Hakuna. Ni mwasho tu."

"Basi koo lako halina uchafu. Lina hofu."

Akanieleza kwamba kooni na kifuani kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Yangu ilishtuliwa na yale mafua, ikabaki macho. Ikiguswa na hewa baridi kidogo, inapeleka habari kana kwamba nimepaliwa, na ubongo unaamuru: kohoa. Kila nilipokohoa kwa nguvu nilichubua koo, na mishipa ikazidi kuwa mikali. "Lakini ubongo huohuo," akasema, "unaweza kujifunza kuizuia amri."

"Na tangawizi, daktari?"

"Hiyo wawekee wageni kwenye chai."

Alinifundisha: mwasho ukija, nimeze mate au funda la maji, nifumbe mdomo, nivute pumzi puani taratibu, niitoe kama anayepuliza uji wa moto. Wiki ya kwanza nilishindwa, machozi yakanitoka katikati ya michai. Nikaomba, "Bwana, nipe kushinda mara moja tu." Akanipa mara moja. Kesho yake, mbili. Miezi ikapita, hata wachumaji wenzangu wakawa wananitafuta kwa macho, maana hawanisikii tena.

Ndipo, Jumapili ya mavuno, Mama Tumaini akaniambia, "Atu, pita mbele."

Nikaanzisha. Ubeti wa pili mwasho ukaja, uleule. Nikameza. Nikavuta pumzi puani wenzangu wakiitikia. Ukapanda, ukasita, ukashuka. Nikaingia ubeti wa tatu na sauti yangu ikajaa kanisa mpaka kwenye bati, na Mama Tumaini akalia waziwazi, bila kufuta machozi.

Mwasho haujafa, ndugu zangu. Unakuja bado, ila hauniamuru tena. Namshukuru Mungu aliyeumba mishipa inayoweza kushtuka, akaiumba pia iweze kufundishika.

Kama uko hapa unakohoa kwa kujificha, mtumaini Yeye, na ukapimwe kwanza, maana vikohozi havifanani. Kesho asubuhi nakwenda Tukuyu kwa yule tabibu. Anayeogopa kwenda peke yake, tutapanda bodaboda moja.