Esnath Nyagawa, Mama Aliyeligeuza Gari la Majani

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Kamwene Makambako, kamwene Njombe mjini, kamwene Uwemba, na kamwene ninyi wa Lupembe ambao najua leo redio mmeiweka dirishani ili na jirani asikie. Mimi ni Benno Mtitu. Vuta kiti, mimina chai. Leo imimine kweli, maana huenda chai hiyo imepita mikononi mwa mama tunayemkumbuka.

Tunamkumbuka Esnath Nyagawa. Alifariki wiki iliyopita, hospitalini mjini Njombe, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amezikwa nyumbani kwao Lupembe, katika kitongoji cha Mtoni. Jirani zake walimwita Mama Jasmine. Makambako walimwita Mama Mzigo. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari ya majani katika chama cha wakulima wadogo wa chai. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Esnath Nyagawa, msimamizi wa magari ya majani ya chai, Lupembe. Na tuelewane mapema. Sitaki mtu alie kabla sijamaliza, kwa sababu leo tuna haki ya kujivuna.

Esnath alizaliwa hapo hapo Mtoni, chini kabisa, mahali ambapo ukifungua mlango unaona bomba la moshi la kiwanda cha chai. Baba yake, mzee Manase, alikuwa mmoja wa waliopanda chai ya kwanza pale. Esnath akaolewa Makambako, na Makambako ndiko alikojifunza kazi. Alikuwa dalali wa mizigo kwenye maegesho ya malori. Mnaijua njia panda yetu. Malori yanatoka Dar es Salaam na saruji, sabuni na soda, yanashusha Njombe na Songea, halafu yanarudi. Zamani mengi yalirudi matupu. Na wakati huohuo mtu mwenye viazi vyake Njombe anapiga simu Dar es Salaam, aletewe lori tupu lije kuvichukua. Malori mawili matupu yanapishana mlima Kitonga, moja linapanda, jingine linashuka, na yote mawili yanafuka.

Jambo hilo lilimchoma Esnath. Alikuwa akisema gari tupu barabarani ni moshi wa bure. Basi akawa hashindi bila kushika simu. Dereva wa saruji anamaliza kushusha, anakuta viazi vinamngoja. Dereva wa soda anataka kuondoka, anaambiwa asubiri kidogo, kuna mbao zinakuja. Wapo waliomkimbia, maana dereva akitaka kuwahi nyumbani hapendi kusubirishwa. Lakini wengi walimzoea.

Mimi mwenyewe yalinikuta, wasikilizaji wapendwa. Baadaye, alipokuwa amesharudi Lupembe, nilikwenda kumhoji, na gari la redio, mimi na dereva tu. Mama akatoka nje, akalizunguka gari, akachungulia siti za nyuma. Akaniuliza, "Benno, mwanangu, gari zima hili limebeba mdomo mmoja?" Wakati wa kurudi nilikuwa nimebanwa katikati ya magunia ya kabichi na akina mama watatu wa kwaya waliokuwa wanakwenda Njombe, mmoja ana jogoo. Mahojiano niliyapata robo. Kwaya niliipata yote.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mume wake alipofariki, Esnath alirudi kwao Mtoni kulima chai. Chama cha wakulima kikamchagua asimamie magari ya majani. Kwa mnaoijua chai ikiwa kwenye kikombe tu, niwaambie: jani bichi likichumwa halisubiri. Likikaa kwenye kiroba juani linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwanda hakilitaki. Kwa hiyo gari la majani likichelewa, kazi yako ya kutwa nzima unaimwaga.

Na gari lilikuwa linakwendaje? Lilitoka kiwandani asubuhi, likaanza kupima Mtoni, chini. Likapakia majani ya Mtoni. Halafu likapanda mlima na mzigo huo, kituo hadi kituo, mpaka Kilimani, kitongoji cha juu kabisa. Ndipo likashuka kurudi kiwandani. Nawaomba mlione hilo. Majani ya Mtoni, ambayo wenyewe kiwanda wanakiona kutoka mlangoni, yalipelekwa matembezi hadi Kilimani na kurudishwa. Kila siku ya kuchuma. Ukicheka, cheka taratibu, tumeishi hivyo miaka na miaka.

Katikati ya mlima huo pana shule ya msingi. Lori lililojaa likifika hapo linashika gia ya kwanza, linanguruma, na moshi mweusi unaingia darasani. Mwalimu Lidia, anayefundisha pale, aliniambia walikuwa wakilisikia gari wanaacha somo na kufunga madirisha. Watoto wanasoma gizani, na bado wanakohoa.

Utauliza, kwa nini basi lianze Mtoni? Ni heshima, wasikilizaji wapendwa. Wazee wa Mtoni ndio walioichimba barabara ile kwa majembe. Walitoa shamba lao, kikajengwa kituo cha kwanza cha kupimia. Kwa hiyo gari lilisimama kwao kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza. Faida nayo ilikuwepo. Saa nne asubuhi mtu wa Mtoni alikuwa ameshapimiwa, na baadhi ya wanaume, siwataji, walikuwa na ratiba yao ya pombe ya ulanzi. Watu wa Kilimani walikuwa wa mwisho. Waliketi kituoni hadi jioni wakiyatazama majani yao yakigeuka rangi.

Esnath akapendekeza jambo la kawaida kabisa. Gari lipande tupu. Lianzie Kilimani, lishuke likijaza, limalizie Mtoni, liingie kiwandani. Mzigo ushuke tu, usipande. Dizeli itapungua, moshi utapungua, na majani ya Kilimani hayatamwagwa tena. Kwa maneno mengine, Mtoni wawe wa mwisho. Na Mtoni ni kwao. Pale ndipo lilipo shamba la mzee Manase, na mwenye shamba hilo sasa ni kaka yake mkubwa, Ebeneza, mwalimu wa kwaya usharikani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kituo cha Mtoni. Watu wa vitongoji vyote walikuwepo. Ebeneza alisimama. Akamwuliza mdogo wake mbele ya wote, "Esnath, unataka majani ya baba yako yawe ya mwisho?"

Mama Esnath akajibu, "Ndiyo, kaka. Na ya kwangu yawe nyuma ya yako."

Kura zikapigwa. Mtoni wakashindwa. Na kuanzia siku hiyo Ebeneza akaacha kuzungumza na dada yake. Kaka na dada, wasikilizaji, nyumba zao zinatazamana. Jumapili wanaimba kwaya moja. Ebeneza anaongoza kwa mikono, na akifika zamu ya sauti ya pili, anakosimama Esnath, anatazama ukutani. Esnath anaimba. Binti yake, Jasmine, aliniambia mama yake aliumia sana na jambo hilo, kuliko alivyoumia na maneno yote ya watu. Baba yao hakuwepo tena. Kaka ndiye aliyekuwa amebaki.

Na mwanzo ulikuwa mbaya. Sitaki kuwapamba watu wetu wakawa malaika. Wiki ya kwanza watu wa Mtoni waliamka alfajiri kama walivyozoea, wakachuma kama walivyozoea, wakaketi kituoni kungoja. Gari lilikuwa Kilimani. Lilipowafikia, majani yalikuwa yameungua kwenye viroba. Karani wa mizani akayakataa. Watu hawakuyamwaga porini. Waliyabeba mpaka nyumbani kwa Esnath, wakayamwaga mlangoni pake, kiroba baada ya kiroba, mpaka mlango ukawa haufunguki.

Jasmine alikuwepo ndani. Anasema mama yake alitokea dirishani, akachukua reki, akaanza kuyasambaza chini ya michai yake. Jasmine alikuwa na hasira, anataka kwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mama akamzuia. "Wana haki ya kukasirika," akamwambia. "Nimegeuza gari, sijageuza saa ya kuchuma. Kosa ni langu."

Basi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakwenda na hotuba ya mazingira. Alikwenda na ombi moja: kesho msiingie shambani alfajiri, ingieni jua likishakausha umande. Kituoni akaongeza paa la nyasi, yeye na Festo, dereva wa gari lenyewe, ili majani yakae kivulini. Wanaume walimsikiliza kwa adabu na kukataa kwa adabu. Wanawake walimsikiliza, na kesho yake wakabaki nyumbani hadi jua lilipotoka.

Mnaijua baridi ya Lupembe mwezi wa sita. Mnajua kuingia kwenye chai iliyolowa umande, nguo inaloa hadi kiunoni, vidole vinakufa ganzi kabla majani hayajafunika kitako cha kikapu. Akina mama wa Mtoni waliifanya kazi hiyo maisha yao yote, kwa ajili ya heshima ya kuwa wa kwanza. Sasa wakaweza kuwasha moto, kuwapa watoto uji, kuwaona wakienda shule, ndipo wakaingia shambani na mikono yenye uhai. Msimu ulipokwisha, wanaume wa Mtoni wakaleta hoja mkutanoni kwamba mambo yarudi kama zamani. Wake zao wakaikataa. Waliikataa wakiwa wamekaa, wasikilizaji, hata kusimama hawakuona sababu. Mimi nilipoipata habari hiyo nilicheka hadi studio nzima ikanitazama.

Gari likaendelea kuanzia juu. Dizeli ya chama ilipungua kiasi kwamba lori moja lililokuwa likisaidia siku za majani mengi liliegeshwa. Shuleni madirisha yakabaki wazi, na Mwalimu Lidia akapanda maua pale palipokuwa peusi kwa moshi. Kilimani hawamwagi majani tena. Na chai iliyokwisha kukaushwa, ile inayoteremshwa Makambako, Esnath hakukubali iitiwe lori kutoka mbali. Ilingoja malori yanayorudi, ya madereva walewale aliowazoesha tangu akiwa dalali. Siku hizi wanunuzi wa nje wanauliza chai imesafiri vipi, imetoa moshi kiasi gani. Wa kwetu tunajibu bila kigugumizi. Alitufundisha mama mmoja wa Kibena kabla mnunuzi yeyote hajauliza.

Ebeneza? Baada ya misimu miwili alianza kumsalimia tena. Alimletea ndizi Esnath alipougua. Lakini jambo la gari hakuligusa. Hakuwahi kumwambia dada yake kwamba alifanya vema, na Esnath hakuwahi kumwuliza.

Wiki iliyopita mwili wake ulitoka Njombe kwenda Lupembe. Ndugu walitaka kukodi gari la pekee. Jasmine akakataa. Alisema mama aliwaambia akiwa bado ana nguvu za kuamrisha: "Msinipandishe na msafara. Tafuteni gari linalorudi." Festo alikuwa ameshusha chai Makambako na alikuwa njiani kurudi. Akalifagia lori lake, akatandika mikeka na blanketi, akampitia. Walikwenda naye taratibu, ndugu wakiwa wamekaa pembeni yake wakiimba, na pale shuleni watoto walisimama mstari barabarani.

Makaburini walikuwa watu wengi kuliko nilivyowahi kuona Lupembe. Watu wa Kilimani walikuwa wameshuka kwa miguu tangu alfajiri. Walisimama nyuma, kando ya uzio, kama wageni wanavyosimama. Mchungaji alipomaliza sala akawaita ndugu watie udongo, na kwa taratibu yetu anaanza mkubwa wa ukoo. Ebeneza akasogea. Akachota udongo. Kisha akageuka, akatazama kule nyuma kwenye uzio.

Akasema, "Waanze wa Kilimani. Sisi wa hapa tutamalizia."

Njia ikafunguka. Wakapita, wazee wao, akina mama, vijana, mmoja mmoja, na Ebeneza amesimama pembeni na udongo wake mkononi akiwangoja wote wamalize. Ndipo akatia wake. Alikuwa wa mwisho kabisa.

Sasa mwenye kulia alie. Na mimi sauti yangu mnaisikia.

Kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa mzee Ebeneza na ukoo wote wa Nyagawa. Pole Jasmine, dada yangu. Pole Festo. Poleni wanakwaya, sauti ya pili imepata pengo. Poleni Mtoni, poleni Kilimani, na poleni madereva wote wa Makambako mliowahi kusubirishwa na Mama Mzigo na mkamnung'unikia. Mungu ampokee na ampumzishe kwa amani.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia swali. Kila mtu siku hizi anasema tulinde mazingira, na mimi nasema, na wewe unasema. Ni rahisi kuyasema ukiwa umeshapimiwa, uko nyumbani unakunywa chai. Jiulize ni nafasi gani uliyonayo wewe, dukani kwako, shambani kwako, kwenye lori lako, ambayo ukiiachia, mzigo wa wote utafika vizuri na watoto watapumua. Kisha jiulize kama utaiachia. Esnath Nyagawa alipoulizwa hivyo mbele ya kijiji kizima, alianza kwa kutoa nafasi ya baba yake mwenyewe.