Eufrasia Deusdedit Magesa, Mtoto wa Kwanza

Marehemu Eufrasia alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 2018, hapa Kagongwa, wilaya ya Kahama. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Deusdedit Magesa na Limi Maganga. Jina alipewa na bibi yake mzaa baba, marehemu Rebeka, ambaye siku hiyohiyo alianza kumwita mkwewe Mama Eufrasia, akilivuta jina kwa sauti ili na jirani asikie.

Alipofika miezi mitano shingo ilikuwa bado haijakaza, na degedege lilimshika hata mara sita kwa siku. Hospitali ya rufaa Mwanza alipigwa picha ya kichwa. Daktari alieleza kwamba ubongo wa mtu una mikunjo mingi, lakini wa Eufrasia ulikuwa laini, kama ukuta uliosilibwa. Alisema, "Ameumbika hivi tangu tumboni. Mama, hukukosea kitu, wala hakurogwa." Mama yake aliwaeleza hivyohivyo wote waliomuuliza. Wengi hawakuuliza.

Mwaka uliofuata baba yake alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, akawa anakuja sikukuu. Pale bombani wanawake walisema, "Limi, sasa tukuite mama nani? Huyo akikuita mama, na sisi tutakuita." Walicheka. Mama yake alijitwika ndoo akaondoka. Bibi alipofariki, Januari 2021, hakubaki mtu wa kuliita jina lile. Boaz alipozaliwa mwaka 2022, mtaa mzima ulisema Mama Boaz kabla mtoto hajatimiza wiki. Hata baba yao kwenye simu.

Shule Eufrasia hakusoma. Alipofika umri wa darasa la awali, mama alimbeba mgongoni kwenda kumwandikisha. Mwalimu aliandika jina kwanza, halafu akainua macho. "Anakaa mwenyewe?" Hakai. "Basi mama, tumwache akue kidogo."

Siku zake alizipitisha kwenye mashine ya mpunga, amelazwa juu ya magunia matupu, mama akipepeta mchele wa watu. Hakuweza kusema wala kushika kitu. Lakini umeme ulipokatika na mashine ikanyamaza, watu wote wakilalamika, yeye alicheka kwa sauti. Theonest, mwendesha mashine, alikuwa akisema, "Huyu analipwa na watu wa umeme nini!" Wengi mlioko hapa hamkukisikia kicheko chake. Kilikuwa kifupi, kinaishia kwenye kwikwi.

Mwezi Mei mwaka huu chakula kilianza kumpalia, akapata homa ya mapafu. Alilazwa Kahama siku kumi na moja. Saa ya kuona wagonjwa, wageni wa kitanda cha pili walikuwa wakiomba kukalia ncha ya kitanda chake, kwa kuwa palikuwa na nafasi. Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mikononi mwa mama yake, akiwa na miaka saba, miezi miwili na siku ishirini na nne.

Siku hiyo spika ilitangaza mtaani kwamba mtoto wa Mama Boaz amefariki. Watu walikuja wakikimbia, wanalia. Walipomkuta Boaz anacheza uani, walifuta machozi. Mmoja alisema, "Jamani, asante Mungu, kumbe ni yule." Wengine waligeuza njia wakarudi makwao. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wamekuja kwenye msiba mwingine. Ndiyo sababu wasifu huu umeandikwa wote, ingawa kijana wa kuchapa alishauri kwamba kwa mtoto wa namna hii tarehe mbili zinatosha.

Eufrasia ameacha baba, mama na mdogo wake Boaz. Mama yake anaomba kwamba leo, mkimpa mkono wa pole, mmwite Mama Eufrasia, hata kama ni hapa kaburini tu.

Mungu ampe mtoto wetu mkubwa utulivu na amani.